Beni-Mulekera: Ordinatere ya zamani ndani ya mpya, na majina ya wanafunzi inayoyatunza

Katika shule moja ya sekondari ya komine Mulekera, mjini Beni, kuna sistemi ya ordinatere ambayo kampuni iliyoitengeneza iliacha kuihudumia tangu tarehe 8 Aprili 2014. Hata hivyo, inafunguliwa karibu kila siku ya kazi. Inatafuta jina la mtu, inalipata, na mtu huyo anatoka katika biro ya sekretere akiwa na karatasi yenye muhuri mkononi.

Sistemi hiyo ni Windows XP, iliyotoka mwaka 2001. Haikai tena ndani ya chuma chake cha zamani. Inakaa ndani ya ordinatere nyingine, ndogo ya kubebwa, kama mgeni aliyepewa chumba katika nyumba ya watu: ana kitanda chake na kufuli lake, lakini jiko na paa ni vya mwenyeji. Mafundi wanaiita mashini virtuele, maana yake ordinatere isiyo na chuma chake yenyewe, iliyoundwa kwa programu peke yake. Sekretere wa shule anaiita kwa kifupi "ile ya ndani".

Yeye ni mama wa miaka zaidi ya hamsini. Walimu, wanafunzi na wazazi wote wanamwita Mama Sekretere. Hakusomea informatiki. Alijifunza kuchapa kwenye mashini ya kupiga kwa vidole, ile ya utepe mweusi, na mpaka leo anagonga klavie kwa nguvu kama mtu anayetwanga sombe. Lakini ukimwuliza ni nani alimaliza sekondari hapo mwaka fulani, atakuambia ungoje kidogo, atafungua ile ya ndani, na jibu litakuja.

Daftari la mwalimu wa hesabu

Mwanzo wa habari hii ni mwaka 2001. Wakati ule Beni ilikuwa chini ya uasi wa RCD/K-ML, na nchi ilikuwa imegawanyika vipande. Karatasi za shule kwenda Kinshasa na kurudi zilikuwa na safari ndefu. Mwalimu wa hesabu wa shule hiyo aliona kwamba wanafunzi wanamaliza, diploma zinachelewa, na ushahidi pekee kwamba mtoto alisoma ni madaftari ya shule. Madaftari yenyewe yalikuwa ndani ya kabati, chini ya bati linalovuja.

Shule ilikuwa imepata ordinatere moja iliyotumika, iliyoingia kwa njia ya Kasindi kama ordinatere nyingi za Beni. Mwalimu huyo alikaa jioni nyingi na taa ya petroli pembeni, akaandika programu kwa FoxPro ya DOS. FoxPro ilikuwa kazi ya kampuni ya Fox Software, iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 1992, na nakala ya mwisho kwa ajili ya DOS, ile ya namba 2.6, ilitoka mwaka 1994. Kwa hiyo hata siku ile mwalimu alipoanza, chombo chake kilikuwa tayari cha zamani. Alitumia alichokuwa nacho.

Programu yenyewe haina urembo: kioo cha bluu, herufi nyeupe, namba moja mpaka tisa za kuchagua kazi. Ndani yake mtu anaandika jina la mwanafunzi, jina la baba, jina la mama, mahali alipozaliwa, sehemu aliyosomea, na asilimia aliyopata kila mwaka. Mwalimu alipoondoka kwenda kutafuta maisha kwingine, aliacha disketi mbili na ukurasa mmoja wa maelezo ulioandikwa kwa mkono. Mama Sekretere aliupaka plastiki ukurasa huo, akautundika ukutani.

Toka hapo alikuwa akijaza. Mwaka baada ya mwaka, mwisho wa Juni, baada ya proklamasio, alibaki bironi na lundo la mabulteni. Chuma cha kwanza kilipochoka, shule ilinunua kingine, cha mnara, chenye Windows XP. Programu ya mwalimu ilihamia humo bila shida, kwa sababu XP ya wakati ule bado ilijua kuzungumza na programu za DOS. Hakuna aliyeona ajabu. Ilikuwa kama kuhamisha sufuria kutoka jiwe moja la jiko kwenda jingine.

Kwa nini watu wanarudi

Mwanafunzi akimaliza, kwa kawaida hana haja tena na shule yake. Beni imebadilisha jambo hilo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yamefuatana katika teritware ya Beni na pembezoni mwa mji. Familia zilikimbia Eringeti, zikakimbia Mbau, zikakimbia barabara ya Kamango. Kuna waliokimbia mara mbili, mara tatu. Mtu anayekimbia usiku anashika mtoto, anashika sufuria, anashika kuku kama anaweza. Bulteni ya mwaka wa sita haishikwi.

Kiisha maisha yanaendelea, na maisha yanaomba karatasi. Chuo kikuu, kabla ya kuandikisha mwanafunzi, kinaomba bulteni za mwaka wa tano na wa sita. Anayetafuta kazi ya ualimu anaombwa faili yake ya masomo. Hata anayetaka kuanza tena masomo baada ya miaka ya kukimbia anaulizwa: ulifika darasa gani, na nani anathibitisha?

Ndiyo maana mbele ya biro ya Mama Sekretere kuna benchi, na kwenye benchi kunakaa watu wazima wenye watoto mgongoni. Siku moja ya mwaka 2022 alikaa hapo baba moja aliyetoka Oicha, kilomita kama thelathini kaskazini ya Beni. Alimaliza shule hiyo mwaka 2007. Nyumba yake iliungua na kila kilichokuwemo. Alitaka kujiandikisha kusomea uuguzi, na siku za kuandikisha zilikuwa zinakwisha.

"Mama, jina yangu itapatikana?" aliuliza.

"Jina lako haliwezi kupotea hapa," alijibu Mama Sekretere. Akabonyeza kifungo cha mnara. Taa ya kijani iliwaka, ikazima. Akabonyeza tena. Hakuna kitu.

Madaftari ya karatasi ya mwaka ule yalikuwa yameliwa na mchwa tangu zamani. Yule baba aliambiwa arudi baada ya siku tatu. Hakuwa na pa kulala mjini, akasema atalala kwa ndugu, akaondoka taratibu.

Siku chuma kilipokufa

Fundi aliyeitwa ni kijana wa kartie hiyo hiyo, mwenye meza ya kutengeneza simu na ordinatere kando ya boulevard Nyamwisi. Alifungua mnara, akapuliza vumbi, akaonyesha sehemu inayogawa umeme. Vikopo vyake vidogo vilikuwa vimevimba. Umeme wa Mulekera kwa miaka mingi ulikuwa wa grupu ya jirani au wa sahani za jua, unapanda na kushuka bila kubisha hodi, na vyombo vingi vimekufa kifo hicho hicho.

Kosa la kwanza ambalo watu wengi hufanya hapo ni kujaribu kuwasha tena na tena. Fundi alikataa. Alitoa diski peke yake, akaiunganisha na ordinatere yake kwa waya wa kuazima, na kabla ya kitu kingine chochote akanakili vyote vilivyomo. Diski ilikuwa inagonga ndani, tik, tik, kama saa ya ukutani inayokaribia kusimama. Kunakili kulichukua usiku mzima. Asubuhi alikuwa na nakala, akaifanyia nakala ya pili, akailaza diski ya zamani ndani ya kitambaa.

"Mama, chuma kimekufa," alisema. "Lakini vilivyokuwa ndani viko salama."

Mama Sekretere alishukuru Mungu, akadhani kazi imekwisha. Shule ilikuwa na ordinatere ndogo, yenye Windows 10. Fundi alimwagia humo kabrasha la programu ya mwalimu, akabonyeza. Kioo kilijibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye ordinatere hii. Akajaribu tena. Jibu lile lile.

Sababu yake ni hii. Programu za wakati wa DOS ziliandikwa kwa ajili ya ordinatere za biti 16. Windows za biti 32, XP ikiwa mojawapo, zilibeba ndani yake mkalimani wa kuzielewa. Windows za biti 64, ambazo leo ziko karibu kwenye kila ordinatere inayouzwa, hazina mkalimani huyo. Chukudu ya Butembo inabeba magunia mazito na haijaharibika kitu, lakini huwezi kuipeleka kwenye kiwanja cha ndege cha Mavivi na kuiambia iruke.

Bwana Prefe alishauri wanunue programu mpya ya kusimamia shule. Wauzaji wapo. Lakini programu mpya ingekuja tupu. Majina ya karibu miaka ishirini yangebaki katika mafaili ambayo hakuna mtu shuleni aliyejua kuyafungua, na yule baba wa Oicha angerudi siku ya tatu.

Nyumba ndani ya nyumba

Fundi alichagua njia nyingine. Wazo lake si jipya. Kampuni ya IBM ilitangaza sistemi yake ya VM/370 mwaka 1972: chuma kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa programu, na kila mtumiaji akaona kama ana ordinatere yake peke yake. Mwaka 1999 kampuni ya VMware ilileta wazo hilo kwenye ordinatere ndogo za mezani. Mwaka 2007 ikatoka VirtualBox, kazi ya kampuni ya Ujerumani inayoitwa Innotek, iliyonunuliwa na Sun Microsystems mwaka 2008 na kuangukia mikononi mwa Oracle mwaka 2010. Hata Microsoft wenyewe, walipotoa Windows 7 mwaka 2009, waliwapa watu wa kazi za biro XP nzima ya kuendesha ndani yake, kwa sababu walijua makampuni mengi yana programu za zamani zisizotaka kuhama.

Kazi ya mashini virtuele ni kudanganya kwa faida. Programu kama VirtualBox inachukua sehemu ya kumbukumbu ya ordinatere, sehemu ya diski, sehemu ya nguvu, na kuionyesha sistemi ya zamani: hii ndiyo ordinatere yako, hii ndiyo diski yako, hiki ndicho kioo chako. Sistemi ya zamani inaamini. Diski yake nzima, kwa upande wa mwenyeji, ni faili moja tu kubwa. Faili hilo linaweza kunakiliwa, kuwekwa kwenye flashi, kupelekwa Butembo, na kufunguliwa huko kwenye chuma kingine kabisa bila XP kugundua kwamba imesafiri.

Kabla ya kuanza ilibidi fundi aingie katika mipangilio ya chini ya ordinatere, ile inayoonekana kabla Windows haijawaka, na kuruhusu prosesa kubeba mashini virtuele. Kwenye ordinatere nyingi ruhusa hiyo inakuja ikiwa imefungwa, na wengi wanakata tamaa hapo wakidhani chuma chao ni dhaifu. Ordinatere ya shule ilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4. Fundi aliipa XP megabaiti 512, akamwachia mwenyeji zinazobaki. Kwa XP hizo ni nyingi: ilipotoka, ilikubali kukaa hata ndani ya 64.

CD ya XP ilikuwepo. Mama Sekretere aliihifadhi katika kabati, ndani ya bahasha, pamoja na namba yake ya ruhusa, kwa sababu yeye hatupi karatasi. Ordinatere ndogo haikuwa na mlango wa CD, basi fundi aliipeleka kwenye sekretariati ya fotokopi, akaigeuza kuwa faili, akarudi. Mara ya kwanza XP ilikataa kukaa. Kioo cha bluu kilisema haioni diski yoyote. Fundi alikuwa ameipa diski ya aina ya SATA, ambayo XP haikuzaliwa ikiijua. Alibadilisha, akaipa ya aina ya zamani, IDE, na sistemi ikaingia kama mzee anayerudishiwa kiti chake.

Baada ya mchana mmoja, mlima wa kijani na anga la bluu la XP vilionekana ndani ya dirisha, katikati ya kioo cha Windows 10. Fundi aliingiza kabrasha la mwalimu. Akabonyeza. Herufi nyeupe juu ya bluu, namba moja mpaka tisa.

Mama Sekretere alisogeza kiti. Hakuuliza maelezo. Alibonyeza namba tatu, ya kutafuta.

Mlango uliofungwa

Mambo mawili yalibaki, na yote mawili ndiyo yanayowashinda wengi wanaojaribu kazi hii nyumbani.

La kwanza lilikuwa kuchapa karatasi. Programu ya 2001 inajua kutuma maandishi kwenye mlango mmoja tu, LPT1, ule mpana wa zamani. Ordinatere ndogo haina mlango huo. Fundi alisoma ukurasa wa plastiki ukutani, akaona kwamba mwalimu aliweka njia ya pili: badala ya karatasi, programu inaweza kuandika matokeo ndani ya faili. Basi alifungua kabrasha la pamoja, kama dirisha dogo kati ya mgeni na mwenyeji. Mashini ya ndani inaweka faili dirishani, ordinatere ya inje inalichukua na kulichapa kwa empirimanti mpya.

La pili lilikuwa usalama. Kampuni ikiacha kuihudumia sistemi, mashimo yanayogunduliwa baadaye hayazibwi tena. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilienea duniani vikifunga mafaili ya watu na kudai pesa, na hospitali za Uingereza zilikuwa kati ya waliopigwa. Safari ile Microsoft walitoa dawa hata kwa XP, ingawa walikuwa wameiacha miaka mitatu mbele. Mtu hawezi kujenga biro yake juu ya huruma ya namna hiyo.

Kwa hiyo fundi aliondoa kabisa kadi ya mtandao ya mashini ya ndani. Haina intaneti, haioni ordinatere nyingine. Alikataza pia flashi kuchomekwa humo, kwa maana mjini Beni flashi inayozunguka kutoka fotokopi moja kwenda nyingine inabeba virusi kama kikombe cha wagonjwa. Ni sheria ambayo watu wa Beni waliielewa haraka, wao walionawa mikono kwenye kila mlango toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, wakati wa Ebola.

Kiisha alimfundisha Mama Sekretere kupiga "picha" ya hali ya mashini. Ukipiga picha leo, na kesho jambo likaharibika, unarudi kwenye picha na kila kitu kinakuwa kama jana. Mama Sekretere alifikiri kidogo.

"Mtoto wangu, nikirudisha jana, jina nililoandika leo litakwenda wapi?"

Fundi alicheka, kisha akanyamaza, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Picha inarudisha mashini nzima nyuma, pamoja na kazi ya mtu. Haichukui nafasi ya nakala. Wakakubaliana: kila Ijumaa mchana, kabla ya kufunga biro, mafaili ya majina yanapita dirishani, yanawekwa kwenye diski ya inje, na diski hiyo hailali shuleni.

Jina la mama

Siku ya tatu baba wa Oicha alirudi. Katika nchi ya Wanande, kumtafuta mtu kwa jina si kazi rahisi. Majina yanafuata utaratibu wa kuzaliwa: Masika ni binti wa kwanza, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, Kasereka ni wa tatu. Darasa moja linaweza kuwa na akina Kambale sita. Mwaka mmoja wa shule unaweza kuwa na wawili wenye majina yote sawa, waliozaliwa mwaka mmoja, mmoja Mangina na mwingine Lubero.

Mwalimu wa hesabu alilijua hilo. Ndiyo maana kioo chake cha kutafuta kinauliza jina la mama. Programu nyingi zinazouzwa zinauliza jina la kwanza, jina la ukoo, namba. Hii inauliza: mama yako ni nani?

Mama Sekretere aliuliza. Yule baba akataja jina la mama yake, ambaye hakuwa tena duniani. Mistari minne ikawa mmoja. Mwaka wa tano, mwaka wa sita, sehemu ya pedagojia, asilimia. Alisogea karibu na kioo, akasoma mwenyewe kwa kidole, polepole. Prefe alitia saini, muhuri ukapigwa, na baba akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya plastiki, plastiki ndani ya shati.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mtu aliyepoteza nyumba, miaka sita ya sekondari ni mali iliyobaki, na daftari lake lilikuwa limeandikwa kwa lugha ambayo ordinatere mpya hazisomi tena.

Tatizo hili si la Mulekera peke yake. UNESCO iligawa bure CDS/ISIS kwa maktaba za nchi nyingi maskini, na toka 1985 ilikuwepo ile ya ordinatere ndogo, ya DOS. Mwaka huo huo 1985 kilitoka Epi Info, chombo cha taasisi ya afya ya Marekani, CDC, cha kufuatia magonjwa, nacho kwa miaka mingi kilikuwa cha DOS. Palipo na maktaba au biro ya afya iliyojaza vyombo hivyo kwa uaminifu, swali ni lile lile la Mama Sekretere: chuma kikifa, nani atayasoma?

Mwenyeji naye amezeeka

Fundi hakumficha Mama Sekretere ukweli mwingine. Mashini virtuele inanunua wakati, na wakati ulionunuliwa una mwisho. VirtualBox ya kesho inaweza kuacha kuitambua XP. Diski ya ordinatere ndogo inaweza kugonga tik, tik, kama ile ya kwanza. Na tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 yenyewe, ile iliyompokea mgeni, ilifikia mwisho wa huduma ya kawaida ya Microsoft. Mwenyeji amekuwa mzee kama mgeni wake.

Kwa hiyo kazi ya pili imeanza, na ndiyo yenye uzito kuliko ya kwanza. Mafaili ya FoxPro, yale yanayoishia na DBF, yanaweza kufunguliwa na LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows na Linux. Kutoka hapo yanageuzwa kuwa maandishi ya kawaida, mstari mmoja kwa mwanafunzi mmoja, koma kati ya neno na neno. Maandishi ya namna hiyo yanasomwa na ordinatere yoyote, na hayana kampuni inayoweza kuyaacha.

Lakini kugeuza kunaweza kukosea. Herufi yenye alama ya Kifaransa inageuka kuwa mkwaju, tarehe inapinduka, jina refu linakatwa mkia. Mtu aliyeandikwa vibaya katika orodha mpya ni sawa na mtu asiyeandikwa, hasa mbele ya karani wa chuo asiyemjua. Ndipo mashini ya ndani inapata kazi yake ya mwisho: kuwa shahidi. Mama Sekretere anafungua madirisha mawili, la bluu upande huu na orodha mpya upande ule, na kulinganisha jina kwa jina. Mwaka ukikwisha kuhakikiwa, unachapwa kwenye karatasi, prefe anatia saini kila ukurasa, na nakala mbili zinatoka Mulekera kwenda kulala mahali pengine, mojawapo Butembo.

Kwa shule, kituo cha afya au koperative yenye programu ya zamani isiyotaka kuhama, njia ya Mulekera inaweza kufuatwa kwa mpango huu. Nakili diski kabla chuma hakijafa, wakati bado kinawaka vizuri. Tunza CD, namba za ruhusa na karatasi za maelezo, hata zile za kuandikwa kwa mkono. Ifunge mashini ya ndani mbali na intaneti. Usichukue picha kuwa nakala. Na toka siku ya kwanza inapofunguka, anza kutoa majina humo.

Mama Sekretere anakaribia umri wa kupumzika. Prefe amempa msaidizi, msichana aliyemaliza shule hiyo hiyo, na kila mchana wanakaa wawili mbele ya madirisha mawili. Mmoja anasoma kwa sauti, mwingine anafuata kwa kidole. Wamefika mwaka wa masomo 2009-2010. Wanaendelea.